Mpinzani Hujificha Ndani ya Jina

"Mjomba, kwani huyu naye si bingwa wa dunia?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo usiku mmoja tukitazama ndondi. Bondia wa kwanza kupanda ulingoni alitambulishwa kuwa bingwa wa dunia. Wa pili naye akatambulishwa vivyo hivyo. Vijana wawili walisimama wameinua mikanda juu ya vichwa vyao, mmoja wa kijani, mwingine mwekundu, na mtangazaji akazidi kupaza sauti. Mtoto anajua dunia ni moja. Alichotaka kujua ni kitu chepesi tu: kati ya wote hawa, mkubwa wao ni nani?

Sikuwa na jibu la neno moja. Chama kikongwe kuliko vyote vinavyotoa mikanda hiyo kilianza Marekani mwaka 1921 kikiitwa National Boxing Association, chama cha taifa, na jina hilo liliwatosha kwa miaka arobaini. Mwaka 1962 kikajiita World Boxing Association. Mwaka uliofuata likazaliwa World Boxing Council. Mwaka 1983 ikaja International Boxing Federation, na 1988 World Boxing Organization. Yasome kwa mfululizo uone yanavyotupiana macho: chama, baraza, shirikisho, shirika, dunia, dunia, kimataifa, dunia. Hakuna aliyekubali kuitwa mdogo kuliko jirani yake. Dunia ilipokwisha, wakaanza kupandishana vyeo humo humo ndani. WBA ikaweka bingwa wa "Super" juu ya bingwa wa kawaida, na mwaka 2019 WBC ikaja na bingwa wa "Franchise".

Neno bingwa likachakaa. Ikabidi litafutiwe mkongojo, ndiyo sababu leo tunasikia kila siku habari za bingwa asiye na ubishi. Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury huko Riyadh mwezi Mei 2024, alikuwa wa kwanza kukusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu, na bingwa wa kwanza asiye na ubishi katika uzito huo tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Robo karne watu walisubiri kitu ambacho neno bingwa lenyewe lilipaswa kukibeba. Na kabla ya mwezi Juni kwisha, Usyk alikuwa ameshauachia mkanda wa IBF.

Tangu usiku ule nayasoma majina ya michezo kwa namna moja: namtafuta mpinzani. Karibu kila mara yumo. Anayetunga jina humtazama mteja kwa jicho moja na jirani yake kwa jingine, na ukisoma vizuri utajua jicho lipi lilitazama kwa bidii zaidi.

Aliyefika wa kwanza hahitaji kivumishi. Chama cha soka cha England kilichoundwa 1863 kinaitwa The Football Association, Chama cha Soka, basi, bila jina la nchi, kwa sababu siku kilipoanzishwa hapakuwa na kingine cha kutofautishwa nacho. Mashindano ya gofu yaliyoanza Prestwick, Scotland, mwaka 1860 wenyewe huyaita The Open. Wamarekani, ambao wana Open yao, huyaita British Open, na waandaaji hawajawahi kulipenda hilo. Nawaelewa. Ukikubali kivumishi umekubali kwamba mko wengi. (Stempu za posta za Uingereza ziko hivyo hivyo. Walizianzisha wao mwaka 1840, na mpaka leo hazina jina la nchi.)

Aliyekuja nyuma ndiye hupata taabu ya maneno, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni ligi za England. Mwaka 1992 klabu za daraja la juu zilijitoa kwenye Football League, ligi iliyokuwapo tangu 1888, zikaunda Premier League. Neno lilichaguliwa kwa akili, maana lilikaa juu ya "First Division" bila kubishana nayo. Kabla ya kwanza kuna nini? Sisi tukaliita Ligi Kuu, na "kuu" ikafanya kazi ile ile. Waliobaki nyuma wakajikuta hawana daraja la kwanza, kwa hiyo wakayasogeza majina yote ngazi moja juu. Mwaka 2004 wakayabadili tena: ngazi ya pili ikawa Championship, ya tatu League One, ya nne League Two.

Ebu mfikirie shabiki wa klabu iliyokaa ngazi ya tatu muda wote huo. Mwaka 1991 timu yake ilikuwa Third Division. Msimu wa 1992 ikawa Second Division. Mwaka 2004 ikawa League One. Uwanja ni ule ule, kiti chake ni kile kile, na juu yao bado kuna ngazi mbili nzima za timu, lakini kwa majina amepanda kutoka wa tatu hadi wa kwanza. Naamini alistahili kuambiwa ukweli kuhusu mahali timu yake ilipo. Kuwa wa tatu katika nchi yenye klabu nyingi namna ile ni heshima, na namba ilikuwa ikiisema heshima hiyo waziwazi. Sasa mgeni anayefuatilia soka ya England lazima akae chini aelezwe kwamba Championship haina bingwa wa nchi na kwamba League One si ya kwanza. Wa kulaumiwa hapa ni hofu ya kuonekana mdogo karibu na jirani aliyejiita mkuu.

Ushindani hukwaruza zaidi pale jina lenyewe likiwa mali ya mtu. Mwaka 1977 Kerry Packer, mmiliki wa kituo cha televisheni huko Australia, aliwachukua wachezaji nyota wa kriketi na kuanzisha mashindano yake, World Series Cricket. Wachezaji alikuwa nao, kamera alikuwa nazo, fedha alikuwa nazo. Kitu kimoja tu alikosa, neno "Test", ambalo kriketi ilikuwa imelitumia kwa karibu miaka mia kwa mechi za kitaifa za ngazi ya juu. Bodi zililishikilia. Packer akaziita mechi zake "Supertests". Jina hilo linanigusa kwa sababu kidonda kinaonekana ndani yake: mtu aliyenyimwa neno akaliongeza ukubwa ili asionekane amenyimwa. Miaka thelathini baadaye, India, Indian Cricket League ilianza 2007 bila baraka za bodi ya kriketi ya nchi, na mwaka 2008 bodi ikajibu kwa Indian Premier League. Ni neno moja tu limebadilika. Neno la kuu limepachikwa katikati kama muhuri.

Wenye majina makubwa wanajua thamani yake, ndiyo maana huyalinda mpaka kwenye kamusi. Kwa michezo ya Olimpiki ya London 2012, Uingereza ilitunga sheria mwaka 2006 iliyotaja maneno katika orodha mbili. Asiye mdhamini akiyachanganya, kwa mfano "2012" na "dhahabu" au "majira ya joto", aliweza kuhesabiwa kuwa anajipachika kwenye michezo hiyo. Majira ya joto! Maneno ambayo bibi yako huyatumia akizungumzia hali ya hewa. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, shirika la ndege la Kulula la Afrika Kusini lilijitangaza kuwa msafirishaji asiye rasmi wa "Kile Mnachokijua". Kombe la Dunia halikutajwa hata mara moja, na bado FIFA ilidai tangazo liondolewe, likaondolewa. Naelewa kwamba wadhamini wamelipa na wanataka walichonunua. Ila mashindano yakifika mahali pa kudai umiliki wa maneno ya kawaida, yameshaanza kushindana na lugha yenyewe, na upande wangu katika mechi hiyo ni wa lugha.

Wadhamini nao hufunikana. Uwanja wa Allianz Arena wa Munich uliitwa uwanja wa Kombe la Dunia wa FIFA mwaka 2006, kwa sababu Allianz, kampuni ya bima, haikuwa miongoni mwa waliolipa. Huko huko Ujerumani, kanuni haziruhusu klabu kubeba jina la kampuni, isipokuwa chache za zamani kama Bayer Leverkusen. Red Bull walipoanzisha klabu Leipzig mwaka 2009 waliiita RasenBallsport, "mchezo wa mpira wa nyasini", ili herufi R na B zibaki. Hakuna Mjerumani anayesema anakwenda kucheza Rasenballsport. Neno lilitengenezwa kwa ajili ya herufi zake mbili.

Kwenye bidhaa naona afadhali kidogo, kwa sababu kiatu kibaya hakiokolewi na jina. Ndugu wawili wa mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, Adolf na Rudolf Dassler, waligombana na kuvunja kiwanda chao cha pamoja mwaka 1948. Rudolf alikata kipande cha jina lake na kipande cha ukoo, akapata Ruda. Adolf, aliyeitwa Adi, akafanya vile vile: adidas. Hata katika ugomvi waliumba jina kwa kanuni moja, kama ndugu. Rudolf ndiye aliyeamua kuacha, akachukua jina la mnyama, Puma. Kwa maoni yangu alifanya vizuri. Siku alipoacha kujiita mwenyewe ndipo alipotoka kwenye mchezo wa kaka na mdogo. Reebok nayo ilisukumwa na mshindani. Ndugu wa familia ya Foster, Uingereza, walianza 1958 kwa jina la Mercury, wakakuta mwingine ameshalisajili, wakahamia kwa jina la swala wa kusini mwa Afrika, rhebok. Mlango uliofungwa uliwapa jina zuri kuliko lile la kwanza.

Lakini pale ushindani wa majina ulipofanya kazi safi kabisa, kwangu mimi, ni kwenye mbio za marathoni kati ya 2016 na 2019. Desemba 2016 Nike walitangaza mradi wa kukimbia chini ya saa mbili, wakauita Breaking2. Februari 2017 adidas wakatoa kiatu wakakiita Sub2. Namba ile ile, shabaha ile ile, kila mmoja akiwahi kuishika kabla ya mwenzake. Mei mwaka huo, kwenye njia ya magari ya mbio ya Monza, Eliud Kipchoge alikimbia saa 2:00:25. Jina lilisema kuvunja mbili, na mbili haikuvunjika. Sekunde ishirini na tano zilibaki wazi, kila mtu akaziona. Hilo ndilo nalipenda. Jina lilijifunga lenyewe kwenye saa, likakubali kupimwa. Oktoba 2019 huko Vienna mradi mwingine ukaja, mdhamini mwingine, na jina likawa limenolewa zaidi: INEOS 1:59 Challenge. Halikutaja tena kizuizi, lilitaja saa anayotakiwa kufika. Kipchoge akafika kwa 1:59:40. Mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwa namna zilivyopangwa, lakini hakuna jina lililowahi kutimizwa waziwazi namna ile.

Kiatu cha Nike cha wakati huo, Vaporfly 4%, kiliandikwa dai lake kwenye jina: asilimia nne ya unafuu wa nishati kwa mkimbiaji. Ukikishika mkononi unashangaa kwanza wepesi wake, halafu unaona hiyo asilimia, na unajiuliza kama kweli. Watafiti na wakimbiaji wakaanza kuipima. Mwaka 2019 toleo lililofuata likaitwa NEXT%. Alama ya asilimia ilibaki, namba ikaondoka. Nilisikitika kuiona ikiondoka. "Nne" ilikuwa ahadi. "Inayofuata" haiwezi kupimwa na mtu yeyote.

Halafu kuna michezo ya video, ambako jina lilikuwa silaha halisi. Konami, kwenye Pro Evolution Soccer, walikosa haki za klabu nyingi, kwa hiyo ulicheza na Man Red dhidi ya Merseyside Red ukijua fika ni Manchester United na Liverpool. EA, washindani wao, walikuwa na majina ya kweli, na jina la FIFA juu ya kasha tangu 1993. Wengi walikubali kwamba kwa miaka kadhaa mpira wa Konami ulichezeka vizuri zaidi, lakini majina yalivuta upande wa pili. Konami wakaishia kubadili jina mwaka 2021, wakawa eFootball. Mwaka uliofuata EA na FIFA wakashindwa kuelewana, na 2023 mchezo ukatoka ukiitwa EA Sports FC.

Mpwa wangu anao. Jina jipya limeandikwa kubwa kwenye kasha, linajitokeza tena kila akiwasha mashine. Juzi rafiki yake alipobisha hodi, aliuliza kutoka mlangoni, hata kabla ya kuvua viatu: "Tunacheza FIFA?"