Kabla Mwanafunzi wa Tiba Hajaingia Wodini

Mwanafunzi wa tiba anapotoka darasani na kuanza mafunzo hospitalini, kazi yake hubadilika yote ingawa bado anaitwa mwanafunzi. Darasani aliulizwa naye akajibu. Wodini yeye ndiye anayepaswa kuuliza, na anayeulizwa ni mtu mwenye maumivu, aliyefika Malindi kutoka Marafa au Gongoni alfajiri, asiyejua ni yupi kati ya vijana watano waliovaa makoti meupe atakayemtibu na yupi amekuja kujifunza tu. Suala linalojadiliwa ni kama mpito huu uandaliwe kwa kozi maalumu kabla ya zamu ya kwanza, au mwanafunzi aachwe azoee kazi akiwa kazini, kama walivyozoea walimu wake. Mimi naunga mkono maandalizi. Hata hivyo, naamini kuwa maandalizi yanayofanyika ukumbini, mbali na hospitali na mbali na watu wanaoifanya kazi yenyewe, yanaacha sehemu ngumu kabisa ya mpito huu bila kuguswa.

Mgawanyo wa masomo kwanza na wagonjwa baadaye una historia inayoeleweka. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa Marekani, kwa niaba ya Carnegie Foundation, taasisi ya elimu ya huko, alichapisha ripoti kuhusu vyuo vya tiba vya Marekani na Kanada, ambavyo vingi vilikuwa vya biashara, havikuwa na maabara za maana, na vilitoa madaktari wasiojua mwili unavyofanya kazi. Alisisitiza kwamba sayansi za msingi zitangulie, kisha ndipo mafunzo ya hospitali yafuate. Mpangilio huo ulienea, na hadi leo unaonekana katika digrii ya udaktari ya miaka sita inayotolewa Kenya, ambamo miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na biokemia. Wapo waliotaka kuuvunja ukuta huo. Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969 na kuwafundisha kwa kutumia tatizo la mgonjwa tangu mwanzo, badala ya kusubiri masomo yakamilike. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kiliifuata njia hiyo, kikawa pia kinawapeleka wanafunzi wake vijijini na kwenye vituo vya afya kama sehemu ya masomo.

Wanaotetea mpangilio wa zamani wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwanafunzi asiyejua damu inavyozunguka hataelewa anachokisikia kwenye stetoskopu hata akisimama wodini mwaka mzima. Atakariri matendo ya wakubwa bila kujua sababu, na siku mgonjwa atakapokuja na hali isiyofanana na aliyoiona jana, hatakuwa na pa kushika. Hoja yao ya pili inamhusu mgonjwa mwenyewe. Mama aliyejifungua usiku hana wajibu wa kuwa somo la watu sita asubuhi, na kadiri wanafunzi wanavyoletwa mapema wakiwa hawajui kitu, ndivyo anavyoguswa mara nyingi zaidi bila faida yoyote kwake. Hoja hii ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu upungufu wa elimu unaweza kufidiwa baadaye, lakini heshima ya mtu ikishavunjwa haifidiwi kirahisi.

Upande wa pili unasema kuwa elimu na utendaji ni vitu viwili. Mwaka 1990 George Miller alieleza ngazi nne za uwezo wa mhudumu wa afya: kujua jambo, kujua namna ya kulifanya, kuonyesha kwamba unaweza kulifanya, na kulifanya katika kazi halisi. Mitihani ya darasani hupima ngazi mbili za chini. Ya tatu hupimwa kwa mtihani wa vituo uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake kule Dundee na kuelezwa mwaka 1975, ambao mwanafunzi huingia kituo kimoja, hupewa dakika chache amchunguze mtu au asome picha ya eksirei, kengele ikalia akahamia kituo kingine. Ni mtihani mzuri na wa haki. Lakini wodini hakuna kengele. Mgonjwa wa kitanda cha tatu anatapika wakati unamuuliza wa kitanda cha pili, ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha tano anataka kujua kwa nini dawa haijaletwa, na muuguzi anakuuliza umeandika wapi kipimo cha sukari ulichoagizwa saa moja iliyopita.

Ndiyo maana maabara za mazoezi, zenye sanamu za kujifunzia, hujibu nusu ya swali tu. Kwa dharura zinasaidia sana, na sioni sababu ya kulipinga hilo: mtoto mchanga asiyepumua asiwe wa kwanza kabisa ambaye mwanafunzi anajaribu kumpa hewa kwa mfuko na barakoa, wala mama anayevuja damu baada ya kujifungua asiwe wa kwanza ambaye anajifunzia kukanda tumbo la uzazi. Mkono uzoeshwe kwanza mahali ambapo kosa halimuui mtu. Tatizo ni kwamba sanamu haina aibu, haina jirani, na haisemi Kigiriama, lugha ya wenyeji wengi wa Malindi.

Mambo hayo matatu, kwa mtu anayefundishwa Malindi au Lamu, ndiyo kiini cha kazi. Tuanze na lugha. Masomo na vitabu vyote ni vya Kiingereza, na chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, KMTC, hupokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi katika kampasi zake za pwani, zikiwemo Lamu na Kilifi. Kijana aliyekulia bara anafika na Kiswahili cha shule, kizuri kabisa, halafu anakutana na mzee wa Kizingitini, kijiji cha kisiwa cha Pate huko Lamu. Anamwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikiwa, "Marahaba mwanangu." Anauliza kikohozi kimeanza lini, na mzee anamjibu kwamba kilianza kusi lilipoanza kuvuma, kikatulia kidogo Mfungo Pili, kisha kikarudi na sasa hakimpi usingizi. Jibu hilo limekamilika. Lina mwanzo, lina kipindi cha nafuu na lina hali ya sasa. Lakini mwanafunzi asiyejua pepo wala miezi ya Kiislamu ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakumbuki, ilhali kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinamlazimu mhudumu kufikiria kifua kikuu na kuagiza makohozi yapimwe. Kosa hapa ni la mwulizaji, na hakuna somo la fiziolojia litakalolizuia. Lingezuiwa na asubuhi chache za kukaa na muuguzi mwenyeji na kusikiliza anavyouliza.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu, panapowezekana. Ridhaa iliyotolewa kwa kutikisa kichwa kwa sababu mgonjwa hakuelewa na ameona haya kusema hivyo, si ridhaa.

Suala la aibu linahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndipo mafunzo yetu yanapoyumba. Mwanamke wa Lamu aliyelelewa kujisitiri anaweza kukubali kuchunguzwa na daktari mwanamume kwa kuwa hakuna njia nyingine, na bado akakataa, kwa haki yake yote, kundi la wanafunzi wa kiume kusimama pembeni. Mwanafunzi ambaye hajaandaliwa huchukulia kukataa huko kama ukaidi au kama dharau kwake. Aliyeandaliwa hujitambulisha kuwa ni mwanafunzi, huomba, huvuta pazia kabla ya kuambiwa, humwita mama au dada wa mgonjwa asimame karibu, na akikataliwa hushukuru na kuondoka bila uso kubadilika. Matendo haya ni madogo na yanafundishika. Hayaulizwi sana kwenye mitihani, kwa hiyo hayafundishwi kwa uzito unaostahili.

Kisha kuna siri. Katika jiji kubwa mwanafunzi akitoka hospitalini hupotea kwenye umati. Mji Mkongwe wa Lamu una vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja apishe, na mgonjwa uliyemwona wodini asubuhi unaweza kusali naye alasiri au kukaa na kaka yake barazani jioni. Kaka huyo atakuuliza, tena kwa wema, hali ya dada yake ikoje. Kunyamaza kutaonekana ni kiburi. Kujibu ni kuvunja amana. Mwanafunzi mzaliwa wa hapa yuko katika hali ngumu zaidi kuliko mgeni, kwa kuwa ana shangazi na majirani wenye haki ya kimila ya kuulizia habari. Anahitaji kuwa na jibu la adabu tayari mdomoni kabla ya swali kuulizwa, na jibu hilo hupatikana kwa kuwauliza wauguzi wa muda mrefu wa mji huo, ambao wamelijibu swali hilo maisha yao yote ya kazi.

Kifo nacho huja bila ratiba. Familia ya Kiislamu itataka kumsitiri maiti wao mapema iwezekanavyo, na mwanafunzi aliyesimama karibu na kitanda ndiye atakayeulizwa kwanza, kwa sababu amevaa koti. Ajue nani wa kumwita, ajue kutoahidi asichokimudu, na apewe mtu wa kuzungumza naye baadaye, maana wengi huona mtu akikata roho kwa mara ya kwanza katika wiki hizo na kuendelea na zamu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna pia jambo la kiafya lisilo na mjadala, ambalo hata wapinzani wa kozi za maandalizi hawawezi kulikataa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Mwanafunzi anayepewa dozi ya kwanza siku anayoripoti wodini atashika sindano kwa miezi kadhaa akiwa hana kinga kamili. Vivyo hivyo, dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa na sindano iliyotumika zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Kijana anayeogopa kugombezwa na kuificha ajali yake mpaka Jumatatu anaweza kuupoteza muda huo. Anayesema wanafunzi watazoea wakiwa kazini ajibu hili kwanza.

Pingamizi kubwa, na ambalo nalikubali zaidi ya mengine, linahusu anayefundisha. Muuguzi mmoja mwenye wodi iliyojaa hawezi kuongezewa wanafunzi kumi kisha akalaumiwa kwa kutowafundisha. Tangu mwaka 2013 hospitali kama za Malindi na Lamu ziko chini ya serikali za kaunti, ilhali KMTC na vyuo vikuu vya umma ni taasisi za kitaifa. Mwanafunzi ni wa chuo, mgonjwa ni wa kaunti, na saa za muuguzi anayewakutanisha hao wawili hazimo katika hesabu ya yeyote. Migomo imezidi kuonyesha udhaifu huo: mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, mgomo wa wauguzi wa miezi kadhaa mwaka 2017, na mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024 ambao ndani yake mlikuwa na mzozo kuhusu malipo ya madaktari waliohitimu na walio katika mafunzo ya kazini. Wodi zikinyamaza, wanafunzi hupoteza majuma ambayo kalenda ya chuo haiyarudishi.

Kwa hiyo wanaosema kozi ya maandalizi ni mzigo mpya juu ya mabega yaliyochoka wanasema kweli, ikiwa kozi hiyo itaagizwa kutoka juu bila kuongeza mtu wala saa. Lakini kutokuwa na maandalizi hakumpunguzii muuguzi kazi. Mwanafunzi asiyejua faili huwekwa wapi, nani huchukua sampuli hadi maabara, na jinsi ya kukabidhi habari za mgonjwa kwa zamu inayoingia, huuliza maswali hayo hayo kila siku kwa kila anayepita, na kila mwenzake huyarudia.

Ninachokiona kinafaa ni kipindi kifupi kinachofanyika hospitalini penyewe katika muhula wa mwisho wa masomo ya darasani, mwanafunzi akiwa amefungamanishwa na muuguzi mmoja na si na kundi, akifanya kazi ndogo za kweli: kupima joto na mapigo, kuandika, kusindikiza mgonjwa eksirei, kusikiliza makabidhiano ya zamu. Asipewe mgonjwa wa kumtibu, wala asihesabiwe kama mfanyakazi wa kuziba pengo. Masomo ya msingi yabaki na uzito wake, na mazoezi ya dharura kwa sanamu yabaki pia. Kampasi ndogo ya Lamu inaweza kulifanya hili kwa urahisi kuliko chuo kikubwa cha jijini, kwa sababu wanafunzi ni wachache na wanaotibu na wanaotibiwa wanafahamiana. Linalobaki ni makubaliano ya maandishi kati ya chuo na kaunti, yataje ni wauguzi wangapi watakaopunguziwa wagonjwa katika wiki hizo, nani atalipa saa zao, na dozi ya kwanza ya chanjo itolewe tarehe gani.