Chupa walizitenga watoto, wakubwa wakazichanganya

Jumamosi nilikuwa uwanjani kuangalia michezo ya vyuo, hapa hapa Malindi. Nilienda kwa sababu mpwangu anacheza netiboli na alikuwa ameshanipigia simu mara tatu kuhakikisha nakuja. Leo ni Alhamisi na kuna kitu bado kimenikaa kooni, ndo maana naandika.

Hebu sikieni. Yeye na wenzake kama kumi na wawili hivi walikuwa wamejipanga kukusanya chupa za plastiki siku nzima ya michezo. Hakuna aliyewalipa. Walitafuta magunia matupu ya mchele wakayaandika kwa rangi ya mafuta, mengine CHUPA TU, mengine MABAKI YA CHAKULA, alafu hawakuyaweka getini, na hapa ndo nikajua hawa watoto wana akili. Waliyatundika kwa mama wa viazi karai, kwa muuza maji na soda, na pale chini ya mwarobaini wanapokaa mashabiki wote jua likiwa kali. Mapumziko yakifika wanapita na gunia mkononi safu kwa safu. Mashabiki wa vyuo mnawajua, ngoma, vuvuzela, mwingine ameshika chupa mbili anazigonga kama ala ya muziki, lakini gunia likifika mbele yake anaitia chupa bila hata kuambiwa. Mpaka jioni magunia 9 ya chupa yalikuwa yamejaa, nimeyahesabu mwenyewe.

Na asubuhi ya siku hiyo hiyo, mwenye maikrofoni alikuwa amewasema hawa hawa wanafunzi mbele ya watu kwamba wamesoma lakini ustaarabu hawana, wakimaliza michezo uwanja unabaki kama jaa.

Kwenye saa kumi na mbili hivi trekta ya taka ikaja. Wakashuka vijana wawili, wakabeba yale magunia ya chupa wakayarusha juu ya maganda ya maembe, mifupa ya kuku na mabaki ya pilau, yote pamoja. Mpwangu akawakimbilia, kaka, hayo ni ya kutengwa, hayo msichanganye. Mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, sisi tumeambiwa tubebe taka, na taka zote zinaenda jaani." Wakaondoka. Jumatatu nikapita jaani kwa makusudi nijionee. Gunia moja nililitambua kwa maandishi, limeungua nusu, limebaki CHUPA, ile TU imeshaliwa na moto, na moshi mweusi unaelekea kwenye nyumba za watu.

Jioni akanipigia. "Mjomba, zile chupa zimefika wapi?" Nikamwambia nitampigia baadaye, na mpaka sasa sijampigia.

Sitaki kuwalaumu wale vijana wa trekta, wanalipwa kwa safari na hakuna aliyewaeleza kitu. Lawama yangu iko kwa wakubwa, wale wanaokaa kwenye komiti ya michezo wiki tatu nzima wakijadili fulana, vikombe, nani atakaa jukwaa kuu, alafu taka haikutajwa hata dakika moja mpaka asubuhi ya mashindano, na ikitajwa inatajwa kama matusi kwa vijana. Kila mwaka nasikia ati tuwahamasishe wanafunzi, tuwape elimu, tuwabadilishe tabia. Tabia gani jamani? Magunia 9! Walichokosa siku ile ni mtu mmoja tu mzima wa kupiga simu moja Ijumaa na kusema kesho kutakuwa na chupa, njooni mzichukue. Huwezi kumwambia mtoto atenge taka alafu umchanganyie mbele ya macho yake. Ukimfanyia hivo mara moja, mwaka ujao hata umletee mapipa ya dhahabu hakuamini, na atakuwa na haki.

Manake chupa zina pa kwenda, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Watamu pale, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, watu wanakusanya plastiki ya ufukweni miaka na miaka na inatengenezwa vitu. Lamu walitengeneza jahazi zima kwa plastiki, linaitwa Flipflopi, kazi ya fundi Ali Skanda na wenzake, likashushwa majini Septemba 2018, karibu tani 10 za plastiki na ndala kuukuu 30,000 zimepigiliwa ubavuni, na mwanzo wa 2019 likasafiri kilomita kama 500 mpaka Zanzibar. Ndala za watu zimefika Unguja! Na sisi tunachoma chupa safi ambazo watoto wameshatuchambulia.

Na ile safi naomba muielewe, ndo kazi kubwa waliyoifanya. Chupa ya maji ya nusu lita ni nyepesi, gramu 10 mpaka 20 hivi, kwa hivyo ili upate kilo moja unahitaji chupa 50 mpaka 100. Mnunuzi ananunua kwa kilo. Ukimletea chupa zilizolowa mchuzi na mafuta ya viazi karai anakataa au anakupa bei ya kukufukuza, na hana makosa, hiyo plastiki itabidi aioshe kwa maji ambayo hapa kwetu tunayanunua kwa madumu. Hata kifuniko ni plastiki nyingine kabisa, ndo maana kiwandani wakishakatakata wanatia kwenye maji, chupa inazama na kifuniko kinaelea, wanatenganisha hivo. Sasa watoto walikuwa wamemwaga mabaki ya soda na wamezikanyaga zikae bapa gunia libebe nyingi. Kazi ya masaa na masaa, imeharibiwa kwa dakika mbili za kurusha magunia.

Kuna mtu ataniambia hayo mambo ya kutenga taka viwanjani ni ya Wazungu. Sawa, tuangalie basi wao walifanyaje. Uwanja wa chuo kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, walianza 2008, na hawakuanza na hotuba kwa wanafunzi, walianza na wauzaji, wakabadilisha karibu vikombe na sahani zote ziwe za kuchakatika au za kuoza, wakaondoa mapipa ya kawaida, alafu wakaweka volantia pembeni ya mapipa ya kutenga, wanawaita magolikipa, mtu akija na kitu anaoneshwa kinaingia wapi. Ohio State, chuo kikuu kingine cha huko huko, uwanja wao unaingiza watu zaidi ya laki moja, walianza 2011, na lengo lao ni asilimia 90 ya taka isifike jaani. Laki moja! Sisi Jumamosi tulikuwa watu hata elfu mbili sidhani kama tulifika, na magolikipa tulikuwa nao tayari, wamejileta wenyewe na magunia yao.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kuna wanafunzi wachafu kweli. Nilimuona mmoja amerusha chupa nyuma ya goli na gunia liko hatua nne kutoka kwake. Na wanaosema tuache chupa kabisa, tuweke matungi ya maji na kila mtu aje na chombo chake, wana hoja nzuri kuliko yangu, ila mpaka siku hiyo ifike chupa zipo na zinauzwa.

Kuhusu sheria ya Kenya sitasema mengi, ipo tangu 2022 na inataka taka zitengwe, taasisi kwa watu binafsi.

Msimu huu wa kusi chupa tupu haikai ilipotupwa. Inafukuzwa na upepo mpaka kwenye mtaro, mvua ikinyesha mtaro unaisukuma baharini, na bahari yenyewe hii yetu ni hifadhi tangu 1968, ambako tangu Juni 5, 2020 huruhusiwi hata kuingia na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Yaani askari wa hifadhi anakuzuia na chupa moja mkononi, alafu kutoka uwanjani zinaingia mia kwa njia ya mtaro. Babangu alikuwa mvuvi, aliwahi kurudi na jarife limejaa mifuko na chupa kuliko samaki, akakaa chini pale pwani anazitoa moja moja asiseme neno, na mimi nilikuwa mdogo nikadhani amekasirika na mimi. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo nikiwa jaani Jumatatu, lakini nililikumbuka.

Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Jana nilienda kwa mzee mmoja anayenunua vyuma na plastiki, ana mizani ya kuning'iniza, nikamuuliza kama anaweza kuja uwanjani saa kumi jioni. Akaniuliza chupa zitakuwa kavu? Nikamwambia zitakuwa kavu na bapa. Akasema atakuja, atapima pale pale mbele ya watoto na atalipa pale pale, na pesa mpwangu na wenzake wameshasema ni za mipira ya netiboli manake waliyonayo imebaki moja na inavuja. Mwenye tuktuk ya mizigo nimempata nusu, anataka kujua uzito. Komiti nimeiandikia barua, ukurasa mmoja tu, naomba trekta isiguse magunia yenye maandishi.

Leo jioni nampigia mpwangu. Nitamwambia ukweli kuhusu yale 9, alafu nitamuuliza anahitaji magunia mangapi.