Kiti cha Kuvunjika

Igizo letu lilihusu familia ya kibarua wa ghala la korosho hapa Mtwara. Baba anashinda akibeba magunia ya kilo 80, jioni anarudi na madeni. Korosho za shamba la mkewe alishaziuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, mikorosho ikiwa bado na maua. Chumba kimoja, watoto watatu, sufuria ya ming'oko (vile viazi vya porini), viti viwili. Mwisho wa igizo Baba anakaa, kiti kinavunjika, watu wanalia. Ndivyo tulivyopanga.

Vifaa nilisimamia mimi. Ukuta ni viroba vilivyoshonwa pamoja, vikapakwa ndoo moja ya udongo mwekundu uliokorogwa na uji wa nusu kilo ya unga wa muhogo. Bila ule uji udongo ukikauka unapukutika, na mwigizaji akiegemea anatoka kama mgonjwa wa upele. Jiko halikuwashwa, ndani yake mlikuwa na tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu. Ming'oko ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli, nayo ilichemshwa mara mbili, maana wale watoto wenye njaa waliimaliza kabla pazia halijafunguliwa.

Sasa kiti. Unachagua mguu mmoja wa nyuma, unaukata kwa msumeno wa meno madogo, upande wa ndani, vidole vinne chini ya kikalio. Kata robo tatu ya unene. Ukiishia nusu, mwigizaji atakaa mpaka watu waende makwao. Ukizidisha, kitaanguka chenyewe kikiwa kinabebwa. Ufa unauziba kwa nta ya mshumaa iliyochanganywa na masizi. Akikaa taratibu kinamvumilia, akijitupa upande ule, kwisha.

Cha kukatwa tulikinunua kwa seremala kikiwa kimeshalegea. Kizima, cha mwenye nyumba anapokuja kudai kodi, nilikiazima kwa bibi wa jirani.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hicho alikikalia babu yenu siku ya posa. Kirudi kama kilivyo."

Nikachora msalaba wa chaki chini ya kile cha kukatwa. Halafu, kwa akili zangu timamu, nikamwambia kijana avipake vyote masizi na udongo vipate sura ya ufukara. Akavipaka kwelikweli, juu na chini. Usiku nikavipindua, namulika kwa tochi ya simu: chaki haipo. Nikakata kile kilichoonekana kibovu zaidi.

Siku ya siku, mwenye nyumba akaingia. Tulimpa nafasi ile kwa sababu ya kitambi chake.

"Sitoki hapa mpaka nilipwe miezi mitatu!" Akajitupa kitini.

Kraa! Miguu juu, daftari la kodi likatua kwenye sufuria. Ukumbi mzima makofi. Mwenye nyumba kuanguka, nani hakutamani?

Bibi alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka. Akapanda jukwaani, akakigeuza kiti, akalamba kidole, akafuta masizi.

"Kiti cha babu yenu!"

Baba, kijana mwenye kipaji, akabaki humohumo igizoni: "Mama, tuvumilie. Malipo hayajatoka."

"Malipo yako yananihusu nini? Nataka kiti changu!"

Vigelegele. Walidhani naye ni mhusika. Mwenye nyumba, bado yuko chali, akanyoosha kidole: "Bibi, panga foleni. Mimi nimetangulia."

Bibi hakupanga foleni. Alikibeba kile kiti cha pili kichwani, akashuka nacho, akaenda zake.

Kwa hiyo mwisho wa igizo Baba hakuwa na pa kukaa. Nikamsukumia ndoo ya udongo kutoka nyuma ya pazia. Akakaa. Ndoo ikatulia kimya. Akajitingisha kidogo. Ndoo ile ilikuwa imara kuliko sisi sote. Akanitazama, nikatazama pembeni, akaamua kuanguka mwenyewe, polepole, kama mnazi unaofikiria. Watu wakalia kweli, kwa kucheka.

Kesho yake fundi aliuunga mguu kwa gundi ya mbao, akauwekea kibao cha ubavuni na skrubu mbili. Bibi alikikagua, akakikalia, akakipitisha ndani. Kile cha seremala hajakirudisha. Amekiweka barazani, na kila nikienda kumwamkia ndicho anachonikaribisha.