Hakuna Mtazamaji Kichwani

Chomoa karata moja bila kuiangalia. Kaza macho mbele, nyoosha mkono pembeni hadi mwisho, kisha ilete karata polepole kuelekea usoni. Utaona kitu kinasogea, lakini kama ni nyekundu au nyeusi hutajua mpaka ikaribie kabisa katikati ya macho. Nilipojaribu nilishtuka. Muda mfupi tu kabla ya hapo ningeapa kwamba ninaona kila kilicho mbele yangu, pamoja na rangi zake zote.

Jaribio hilo alipenda kulitumia Daniel Dennett, mwanafalsafa Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Tufts miaka mingi na kufariki Aprili 2024, akiwa na miaka 82. Ninamheshimu kwa sababu hakukubali kwamba mtu ni shahidi asiyekosea wa yanayotokea kichwani mwake. Asikilizwe, maneno yake yaandikwe, halafu yapimwe kama ushahidi mwingine wowote.

Katika kitabu chake cha 1991 alipinga picha ambayo wengi tunaibeba bila kujua: kwamba ndani ya ubongo kuna ukumbi ambako picha na sauti zote hukusanyika, na "mimi" nimeketi humo nikitazama. Sasa huyo mtazamaji, kichwani mwake ameketi nani? Dennett alisema kazi ya kufahamu imetawanyika ubongoni, rasimu nyingi zikiandikwa kwa pamoja, wala hakuna mahali inapotolewa nakala ya mwisho.

Hoja hiyo aliijenga juu ya nadharia ya mageuko ya Darwin. Ikiwa uteuzi wa asili uliweza kuunda jicho bila fundi wa kulichora, basi hata akili inaweza kujengeka hatua kwa hatua kutokana na vipande visivyo na akili. Niuroni moja, yaani seli moja ya ubongo, haijui lolote. Wapo wanaoona huko ni kumshusha binadamu. Mimi hunijaza mshangao.

Aliponisaidia zaidi ni kwenye hiari, yaani uhuru wetu wa kuamua. Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake walionyesha kwamba ubongo huanza kujiandaa takribani nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali mwenye mkono husema alitaka kuusogeza yapata sehemu ya tano tu ya sekunde kabla. Wengi wakatangaza kwamba hiari imekufa, eti ubongo umeshakuamulia. Lakini ubongo huo ni wa nani? Dennett alionya kwamba ukijifanya mdogo mno, karibu kila kitu kitaonekana kiko nje yako. Maandalizi yale nayo ni mimi. Tena, uamuzi wa kumsamehe mtu hauishi ndani ya nusu sekunde. Unaweza kuchukua wiki nzima za kubishana na nafsi. Bakteria hufuata sukari, basi; sisi tunaweza kujiuliza kwa nini tunaifuata, na uwezo huo umeletwa na mageuko yale yale.

Ninapokwama ni kwenye maumivu. Dennett alikana kwamba hisia zina kiini cha siri kisichoweza kuchunguzwa. Usiku mmoja jino liliniuma, nikajaribu kuyafumua maumivu hayo kwa njia yake: hamu ya kubana shavu, hofu ya kutafuna, usingizi kukatika, kushindwa kuwaza jingine. Nilihesabu yote hayo, na bado niliona kuna kitu kimebaki. Najua angeniambia kwamba huko kuona kwangu ndiko kunakohitaji kuelezwa. Huenda ni kweli, lakini usiku ule sikuridhika, na hadi leo sijaridhika.