Mwenye Nyumba Ni Boila

Ndugu zangu wa Tanga huamini kwamba, kwa kuwa nimenunua nyumba hapa Reading, Uingereza, basi mwenye nyumba ni mimi. Siwalaumu. Benki ina sehemu yake na halmashauri ina kodi yake, lakini anayeamua kama watu wataoga au hawataoga ni sanduku jeupe lililotundikwa jikoni, pembeni ya kabati la vikombe. Sanduku hilo ni boila, nalo Januari hii limegoma.

Kwa wale ambao Mungu amewajalia kuishi kwenye joto, nieleze kwamba boila huchoma gesi na kupasha maji, kisha pampu ikayazungusha maji hayo ndani ya rediata zilizobandikwa kwenye kuta za vyumba. Na boila ya aina ya kombi, kama hii yangu, ndiyo hiyohiyo inayopasha maji ya bombani. Kwa hiyo likiharibika sanduku moja, hukosi joto tu, bali unakosa na maji ya kuoga. Aliyebuni mpango huo bila shaka alikusudia kuokoa nafasi, ila mimi nashuku alikuwa na ugomvi wa siri na watu wenye familia kubwa.

Mke wangu aliuliza karatasi za dhamana ziko wapi. Zipo, tena ndani ya faili. Zinasema kwamba dhamana ya kiwanda itaendelea kuwa hai kwa sharti kwamba kila mwaka fundi aliyesajiliwa aifanyie boila sevisi na kujaza kitabu chake. Aliyetuuzia nyumba aliruka mwaka mmoja, kwa hiyo dhamana ilifariki kabla sisi hatujahamia, nasi tumerithi ukurasa mtupu.

Nikawapigia simu watu wa bima ya nyumba. Binti mwenye sauti ya upole alinifahamisha kwamba bima yangu inahusu moto, mafuriko na wizi, lakini haihusu kitu kilichochakaa. Nilimwuliza ni kitu gani duniani kisichochakaa, akaniomba nisubiri kidogo, kisha simu ikakatika. Upo pia mpango wa kulipia boila kila mwezi ili ikiharibika fundi aje bila malipo, lakini mpango huo haupokei boila ambayo tayari imeharibika; yaani wanauza mwavuli kwa masharti kwamba uununue jua linapowaka. Na mimi, jua lilipokuwa linawaka, nilipiga hesabu: pauni 22 kwa mwezi ni pauni 264 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni pauni 1,320 za kumlipa mtu asiyekuja. Hesabu hiyo naitetea hadi leo, ingawa naitetea nikiwa nimevaa makoti mawili.

Zamani tulipokuwa wapangaji, mambo yalikuwa mepesi, kwa sababu sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya joto na ya maji moto. Joto likikatika, nilikuwa naandika barua kali. Sasa malalamiko nayaandika mimi na kuyapokea mimi, na mwenye nyumba anasema hana fedha.

Shemeji yangu, ambaye hatoki nyumbani kwake bila bisibisi, alijitolea kuifungua boila. Nilimweleza kwamba hapa anayefanya kazi ya gesi kwa malipo ni lazima awe amesajiliwa na Gas Safe, yaani daftari rasmi la mafundi wa gesi. Akajibu kwamba yeye hadai malipo, anadai pilau tu. Nikamwambia kwamba pilau ya dada yake ni malipo, tena makubwa. Utani kando, boila iliyochokonolewa vibaya inaweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini, kwa hiyo bisibisi yake niliifungia kabatini mpaka alipoondoka.

Yale ninayoruhusiwa niliyafanya. Nilitazama geji nikakuta presha ipo kati ya baa 1 na 1.5, inavyotakiwa. Nikatoka nje usiku, na kikoi juu ya suruali, nikamwagia maji ya uvuguvugu bomba dogo la kutolea maji, maana wakati wa baridi huganda na kuizima boila. Jirani alinichungulia dirishani nikiuogesha ukuta, akafunga pazia taratibu. Bomba halikuwa limeganda.

Ndipo akaja fundi. Kufika kwake tu ni pauni 90, na kodi ya asilimia 20 juu yake, jumla pauni 108, kabla hajafungua hata skrubu moja. Alifungua, akamulika tochi, akaguna. Nyumbani fundi akiguna unajua ni mwanzo wa mazungumzo: atataja bei, utacheka, atakuuliza wewe una ngapi. Huyu aliguna akaandika. Kibao cha saketi kimekufa, pauni 408 pamoja na kodi. Nikamwomba apunguze kidogo, akanitazama kwa huruma, akarudia tarakimu zilezile polepole, akidhani sikusikia. Kisha akasema boila yenyewe imezeeka, na mpya ni pauni 2,600.

Hapa ndipo akili yangu ilipogoma pia. Kampuni yake iko tayari kunikopesha hizo pauni 2,600 nilipe kwa miaka, lakini 408 haikopeshi, kwa kuwa mikopo ni ya boila mpya tu. Serikali nayo, kwa England na Wales, hutoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa anayeachana na boila na kuweka pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ila anayetaka boila yake ipone tu hapewi hata senti, na gharama inayobaki juu ya ruzuku hiyo ingenirudisha palepale. Ipo misaada ya watu wenye kipato cha chini, lakini kipato changu kimekaa mahali pabaya: kimezidi cha msaada, na hakijafika cha boila.

Aliyetuokoa ni mke wangu na upatu wake. Wanawake kumi wa mji huu huchanga pauni 100 kila mwezi na mmoja wao hupokea zote, na zamu ya mke wangu ilikuwa bado mbali, nayo ilikwishapangiwa mabati ya nyumba ya mama yake. Akabadilishana zamu na mwenzake, fundi akalipwa, boila ikawaka. Mama mkwe amesikia kwamba mabati yake yameingia ndani ya sanduku la jikoni, na tangu siku hiyo salamu zake kwangu ni fupi.

Sasa wanachama wanakuja kuangalia fedha zao. Mweka hazina alifika Jumapili, na kabla hajaketi aliweka kiganja juu ya rediata ya sebuleni, akaondoka hapo akaenda ya ukumbini, akaridhika kwamba mia yake anaisikia. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa kwake maji moto yanasuasua, amekuja na taulo.

Tukamwonyesha bafu.