Tuisheni ya kampuni binafsi shuleni: tuanze na saa

Hoja ya kuingiza kampuni za tuisheni kwenye shule za umma ikizuka, wengi wetu hugawanyika papo hapo: huyu na soko huria, yule na serikali. Mimi naona tunaacha jambo lenye uzito zaidi. Marekani walilijaribu hili nchi nzima, na yaliyowapata yana faida kwetu.

Januari 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya elimu ya No Child Left Behind ("asiachwe nyuma mtoto yeyote"). Shule iliyopata ruzuku ya watoto maskini ikashindwa kufikia malengo miaka mitatu, watoto wake wa kipato cha chini walistahili tuisheni ya bure nje ya saa za masomo. Mzazi alichagua kampuni kwenye orodha ya jimbo, wilaya ikalipa. Mwaka wa masomo 2004-05 waliojiunga walikuwa asilimia 19 tu ya waliostahili.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu ya saa. Fungu la kila mtoto lilikuwa na kikomo, huku bei zikitofautiana kwa kampuni. Tuseme fungu ni dola 1,500: anayetoza dola 75 kwa saa analimaliza kwa saa 20. Mtoto ambaye kusoma kumemshinda tangu darasa la pili utamwinua vipi kwa saa 20, tena jioni amechoka, mbele ya mtu asiyejua mwalimu wake wa mchana ameishia wapi? Utafiti wa tuisheni hiyo katika jiji la Milwaukee, Marekani, haukuona faida ya maana kwenye mitihani. Desemba 2015 sheria mpya iliuondoa mpango huo.

Lakini angalia sekondari za umma za Chicago, mwaka wa masomo 2013-14. Hisabati peke yake, wanafunzi wawili kwa mkufunzi mmoja, kila siku ya shule, kikiwa kipindi kamili ndani ya ratiba. Alama zilipanda vizuri sana. Na wakufunzi hao hawakuwa walimu wa shule. Waliletwa na asasi ya nje, isiyo ya kibiashara. Kwa hiyo kusema "mtu wa nje hafai" si kweli. Anafaa akipewa watoto wachache, na akiwaona kila siku.

Hapa kwetu tuisheni mara nyingi ni darasa lilelile lililofurika, ila sasa mzazi analipia. Hiyo haiongezi chochote kwa mtoto ambaye mchana hakuonekana kati ya wenzake.

Halmashauri yangu ikitaka kumpa mzabuni kazi hii, nitaomba kuona ratiba kabla ya bei: watoto wangapi kwa mkufunzi, mara ngapi kwa wiki, na nani ataongea na mwalimu wa darasa. Ikiwa ni watoto arobaini kuanzia saa kumi jioni, fedha hizo ziajiri walimu.