Bati la Keki Lililoshinda Oveni

Mke wangu, ambaye hapa mtaani Umoja, Nairobi, anajulikana kama Mama Baraka, anapenda kuoka keki kama wanaume wa mtaani wanavyopenda kandanda. Huzungumzia unga tukiwa mezani, hukagua tarehe ya majarini dukani kabla hata ya kuuliza bei, na katika harusi za watu huitazama keki kutoka mbali akaninong'oneza kwamba imeokwa kwa moto mkali mno. Kumtafutia mtu wa namna hiyo zawadi ya siku ya kuzaliwa ni kazi ya kukondesha, kwa kuwa kila kifaa unachokifikiria ama anacho tayari, ama aliwahi kuwa nacho akakigawa kwa sababu anazozijua yeye na wenzake wa kikundi cha WhatsApp.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mashine ya umeme ya kuchanganyia mayai na sukari. Katika barabara ya Luthuli nilionyeshwa moja ya mitumba kutoka Marekani, yenye bakuli linalong'aa, kwa bei iliyonifanya nimpe muuzaji mkono mara mbili. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa umeme na hana haya, aliigeuza juu chini, akasoma kibandiko, akatangaza mbele ya wateja wote kwamba ilitengenezwa kwa volti 120 ilhali umeme wa Kenya ni volti 240, na kwamba bila transfoma ingetoa moshi kabla ya yai la pili kuvunjwa. Muuzaji alijitetea kwamba huku kwetu mashine hiyo ingefanya kazi kwa nguvu zaidi, jambo ambalo, kwa muda mfupi wa maisha yake, lingekuwa kweli kabisa. Mizani nayo niliiacha papo hapo. Mume akimzawadia mkewe mizani, hata iwe ya kupimia unga, kuna mazungumzo yatakayofuata ambayo sikuwa na nguvu nayo.

Hapo ndipo nilipokumbuka malalamiko ya Mama Baraka kwamba mabati yake ya kuokea ni madogo, hivi kwamba mteja akiagiza keki kubwa hulazimika kuioka vipande vipande na kuviunganisha kwa krimu. Niliamua kwenda kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, mahali ambapo masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai na masufuria ya kupikia halaiki hufuliwa kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni, na ambapo watu hupatana bei kwa vidole kwa sababu masikio hayana kazi. Kilichokosekana kilikuwa vipimo tu, navyo havikuwa rahisi kupatikana, kwa kuwa mwenye oveni hatoki jikoni. Nilimpa kazi hiyo mwanangu Baraka, aliye Gredi ya Nne, nikamwambia aingie na rula yake ya shule mama yake akiwa kwenye simu, apime upana wa oveni, atoke bila kusema neno. Alirudi akitweta kwa fahari ya kazi ya siri, akasema, "Baba, ni rula mbili kamili."

Rula yake ni ya sentimita 30. Mtu akikwambia kwamba oveni ina upana wa sentimita 60, hutarajii kwamba amelipima jiko zima kwa nje, ukingo hadi ukingo, kama anayepimia pazia. Lakini mtaala mpya una mambo yake. Isitoshe, mimi si mtu wa pupa: nilipunguza sentimita tano kwa tahadhari, nikaagiza bati la mraba la alumini, sentimita 55 kila upande na kina cha sentimita 10.

Fundi aliyaandika maagizo yangu kwa chaki juu ya karatasi ya chuma, akayatazama, akaniuliza kwa upole, "Mzee, hili ni la kuogeshea mtoto?"

Nilimjibu kwamba ni la keki.

"Ya harusi?"

"Ya siku ya kuzaliwa."

"Ya kaunti nzima?"

Hata hivyo alilifua vizuri, pembe zikakaa sawasawa, na kingo akazikunja zisikate mikono. Safari ya kulifikisha nyumbani kwa barabara ya Jogoo sitaisimulia kwa kirefu. Kondakta alidai kwamba bati limekalia kiti na kwa hiyo ni abiria, mimi nikadai kwamba abiria huwa na magoti, na mama mmoja aliyeketi nyuma akaniuliza mahali ninapofugia kuku. Nililipa nauli ya watu wawili.

Siku yenyewe ilipofika, nyumba ilijaa wageni, akiwemo Shangazi yake Mama Baraka aliyekuwa amefika kwa treni kutoka Mombasa. Kwa kuwa hakuna karatasi ya zawadi inayoweza kulifunika bati la aina ile, nilikuwa nimelifunga kwa leso mbili mpya. Mama Baraka alizifungua taratibu, akalitazama bati, akaitazama oveni, kisha akanitazama mimi kwa tabasamu ambalo watu walioishi katika ndoa kwa muda wanalifahamu.

"Baba Baraka," aliniambia, "umelipimia wapi?"

Kabla sijajibu, shemeji alikuwa amekwisha kulichukua bati ili athibitishe kwamba linaingia. Alilisukuma likiwa bapa, likakataa. Alilisimamisha wima, likakataa. Alilitanguliza pembe, nayo pembe ikaingia kwa moyo mkunjufu ikakwama, hata tulipolivuta likatoka pamoja na wavu wa oveni na kidoto cha mafuta kilichomwagikia soksi zangu. Mama Baraka alieleza, kwa sauti ya mwalimu aliyezoea wanafunzi wazito, kwamba jiko la upana wa sentimita 60 lina kuta nene zilizotiwa kitu cha kuzuia joto, ndiyo maana nafasi ya ndani huwa ndogo zaidi. Na kwamba hata bati lingeingia, lingeziba njia ya hewa moto kuzunguka, keki ingeungua chini na kubaki mbichi juu. Kisha akachukua kalamu. Bati langu lilikuwa na ujazo wa lita 30, yaani mtungi mmoja wa maji na nusu yake. Kwa keki ya ratili, ambayo unga, sukari, majarini na mayai hulingana kwa uzito, lingehitaji takriban kilo 3.5 za kila kimoja, maana yake trei mbili za mayai, na hapo lingekuwa limejaa nusu tu, kwa kuwa keki huumuka.

Wageni walicheka hadi wakakaa chini. Lakini Shangazi hakucheka. Alilizunguka bati kwa heshima, akaligonga kwa kidole, akasema kwamba keki zilipikwa Pwani kabla ya oveni hizi za gesi kujulikana, na kwamba kazi yote ni kupalia: makaa chini, makaa juu ya kifuniko. "Niletee majiko matatu, mwanangu, na kipande cha bati bapa," akaniagiza, nami kwa mara ya kwanza siku hiyo nikahisi kwamba nina wakili.

Tulipandisha kila kitu juu ya paa la ploti, kwenye kamba za nguo. Mayai yalipatikana trei moja na nusu, tukaridhika. Sitakificha kilichotokea: majiko matatu hayawezi kupasha joto sawasawa eneo la ukubwa ule, upepo wa jioni nao ulikuwa na upande wake, kwa hiyo sehemu zilizokuwa juu ya majiko ziligeuka mkaa wakati katikati pangali uji. Lakini baina ya mkaa na uji palikuwa na ukanda wa keki nzuri kweli, ya rangi ya dhahabu, nao wageni waliuchimba kwa vijiko wakiwa wamelizunguka bati. Keriteka, yaani mwangalizi wa ploti, alipanda kuuliza moshi unatoka wapi, akapewa kijiko, hakuuliza tena. Waliolalamika ni majirani wa ghorofa ya tatu tu, ambao mashuka yao yalinukia vanila na makaa kwa pamoja.

Bati sasa limekuwa la ploti nzima. Huazimwa kuoshea mazulia, kuloweka maharagwe ya sherehe na, ndiyo, kuogeshea watoto, jambo ambalo nimeomba fundi wa Kamukunji asiambiwe. Msimamo wangu haujabadilika: bati halina kasoro hata moja, oveni ndiyo ndogo. Mama Baraka hanibishii. Siku yangu ya kuzaliwa ni mwezi ujao, naye amesema ataniagizia viatu vya ngozi kwa fundi. Jana jioni nilimkuta Baraka ameinama barazani na rula yake, anaipima miguu yangu nikiwa nimevaa gambuti.